Ujira si Tuzo: Historia Fupi ya Kulipia Mazungumzo Mtandaoni

Kiswahili kinatofautisha ujira na tuzo. Ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi aliyopangiwa. Hukubaliwa kabla ya kazi, na asipolipwa anaweza kwenda kudai. Tuzo hutolewa baada ya jambo kutendeka, na hutolewa na mtu aliyeona au aliyesikia. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akaenda kumtuza mwimbaji mbele ya watu. Asipoinuka, mwimbaji hawezi kumfuata kitini na kumdai. Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, wala hawakusema hulipwa mshahara.

Insha hii inatumia tofauti hiyo kuchunguza sehemu ya historia ya karibuni, yaani namna watu wanaozungumza mtandaoni walivyotuzwa. Sizungumzii waandishi wa vitabu wala wanahabari. Nazungumzia yule anayejibu swali la mgeni usiku, anayesahihisha kosa dogo, anayeongeza mfano au anayetia mzaha mjadala usife. Je, watu hawa walitendewa haki? Hoja yangu ni kwamba dhuluma ilitokea kwa njia mbili zinazopingana. Kuna waliokuwa wakifanya kazi hasa, lakini kazi yao ikaitwa mazungumzo ili wasilipwe ujira. Na kuna waliokuwa wakizungumza tu, lakini mazungumzo yao yakawekewa bei mpaka yakaharibika.

Tuanze na njia ya kwanza. Katika miaka ya 1990, kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa ikiwaunganisha wateja na vyumba vya gumzo pamoja na mbao za majadiliano. Mpaka mwishoni mwa 1996 mteja alitozwa kwa saa, hivyo kila dakika aliyobaki akizungumza ilikuwa pesa kwa kampuni. Waliofanya vyumba hivyo vikalike walikuwa watu wa kujitolea. Waliwakaribisha wageni, wakaanzisha mada, wakatuliza ugomvi na kuwaondoa watukanaji. Idadi yao ilipita 10,000. Malipo yao yalikuwa kutumia huduma bila kutozwa, jambo lililokuwa na thamani kubwa wakati saa moja ilikuwa ghali. Desemba 1996 AOL ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Kwa uamuzi huo mmoja, thamani ya kile walichokuwa wakipewa ilishuka sana, ilhali kazi ilibaki ileile.

Swali lilifika mahakamani mwaka 1999, pale baadhi ya waliojitolea walipofungua kesi huko New York. Walidai kwamba kisheria walikuwa wafanyakazi, kwa kuwa walipitia mafunzo, walipangiwa zamu na walitakiwa kuandika ripoti. Mpango wenyewe ulifungwa mwaka 2005, na kesi ikamalizika kwa suluhu ya dola milioni 15 mwaka 2010. Naona hoja yao ilikuwa na nguvu kwa sababu haikudai kwamba kila gumzo lilipwe. Ilidai kwamba mtu mwenye zamu na bosi hazungumzi tu, bali anafanya kazi, na shukrani haiwezi kuwa badala ya ujira.

Wakati kesi hiyo ikianza, jamii nyingine ilikuwa ikijaribu njia tofauti kabisa. Slashdot ilianzishwa mwaka 1997 na Rob Malda katika mji wa Holland, jimbo la Michigan, na wasomaji wake walijadili habari za kompyuta. Maoni yalipozidi, ilibidi ipatikane namna ya kuyachuja. Kila oni lilipewa alama kuanzia -1 hadi 5, na waliotoa alama hizo walikuwa wasomaji wa kawaida walioteuliwa kwa bahati nasibu. Kila mmoja alipewa pointi 5 za kugawa, na asipozitumia kwa siku 3 zilifutika. Aliyepima mjadala hakuruhusiwa kuuchangia, na wasomaji wengine walikagua kama upimaji wenyewe ulikuwa wa haki. Mpango huu ulikuwa na hekima: mamlaka ya kutuza yalizungushwa kwa wengi, yalikuwa madogo, na hayakuweza kulimbikizwa.

Tatizo lilitoka upande wa anayetuzwa. Alama za mtu zilijumlishwa kuwa hesabu iliyoitwa karma, nayo ilionekana kama tarakimu. Punde baadhi ya watu wakaanza kuandika kwa ajili ya tarakimu. Wasimamizi wakaiwekea ukomo wa 50, kisha wakaificha nyuma ya maneno yenye maana ya mbaya, nzuri au bora sana, ili pasiwe na cha kushindania. Aidha, waliamua kwamba oni lililosifiwa kwa kuchekesha halitaongeza karma. Uamuzi huo unafikirisha. Mzaha ndio unaowafanya watu warudi barazani kesho, lakini katika hesabu ulikuwa sifuri. Kila kipimo kinaamua ni mchango gani utaonekana na upi utafichika.

Jambo hilo lilijitokeza kwa uwazi zaidi katika Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky kwa ajili ya maswali ya waandishi wa programu. Jibu lililoungwa mkono lilimpa mwandishi wake alama 10 kwa kila kura. Swali nalo lilianza na 10, likashushwa hadi 5 mwaka 2010, kisha likarudishwa 10 Novemba 2019, hata kwa maswali ya zamani. Kwa hiyo kwa muda wa miaka tisa muulizaji alihesabiwa kuwa na thamani ya nusu ya mjibuji, ingawa bila swali hakuna jibu. Maoni mafupi hayakupewa alama yoyote. Zaidi ya hayo, mgeni asiye na alama 50 hakuruhusiwa kuweka oni chini ya maandishi ya wengine. Ni kama kumwambia mgeni wa barazani ahutubie kwanza ndipo aruhusiwe kusalimu. Ni kweli kwamba mfumo huo ulizalisha hazina kubwa ya majibu. Hata hivyo, gharama yake ilibebwa na wageni na watu wa neno dogo.

Wikipedia ilichukua njia iliyo karibu zaidi na kutuza kwetu. Tangu Desemba 2003 wahariri wake wamekuwa wakipeana nyota, mfano wa zile nyota za chuma ambazo wakulima wa Marekani hutundika kwenye maghala yao. Yeyote anaweza kumpa yeyote, na mtoaji huandika sababu. Hakuna pesa, na nyota haikupi mamlaka yoyote. Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio lao juu ya jambo hili. Walichukua wahariri walio katika asilimia 1 ya wenye bidii zaidi, wakawapa baadhi yao nyota bila wao kutarajia, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa walizidi wenzao kwa kazi kwa takriban asilimia 60. Tusilivute jaribio hili kupita kiasi, maana walioshirikishwa walikuwa tayari wachapakazi. Lakini linaonyesha kwamba shukrani ya mtu aliyesoma kweli ina nguvu hata isipokuwa na bei.

Sasa tulinganishe nyota hiyo na tukio linalotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwa vifaa kama kompyuta za mkononi na simu. Makala mpya ziliingia kwa wingi katika muda mfupi, nalo si jambo la kubezwa. Shindano lilipofungwa mwanzoni mwa 2010, wengi wa walioingia kwa ajili yake hawakuendelea. Siwalaumu. Waliahidiwa zawadi kabla ya kazi, wakaandika, mashindano yakaisha. Kilichohesabiwa kilikuwa makala. Kile kinachojenga jamii ya wahariri, yaani kubishana kama tuandike tarakilishi au kompyuta, kumwelekeza mgeni, kusahihisha kiambishi kimoja, hakikuwa na fungu katika zawadi. Shindano liliongeza kurasa bila kuongeza wazungumzaji wa kudumu.

Njia ya pili ya dhuluma ilifika kileleni katika Steemit, iliyoanza mwaka 2016. Humo kila andiko na kila oni liliweza kulipwa sarafu ya kidijitali iitwayo STEEM, kulingana na kura za wanachama. Wazo lilionekana la haki: wenye kuzungumza ndio wagawane faida. Lakini uzito wa kura ulitegemea kiasi cha sarafu alichoweka mpiga kura. Mwenye sarafu nyingi aliweza kujipigia kura mwenyewe na kuvuna, na zikaibuka programu za kuuza kura. Mwaka 2019 kanuni zilibadilishwa, fungu la mwandishi likashuka kutoka asilimia 75 hadi 50, lililobaki likaenda kwa wapiga kura, ili watu washawishike kupigia kura maandishi ya wengine. Huo ulikuwa ukiri kwamba hata kusoma kulihitaji kulipiwa. Taarabu ingekuwaje kama msikilizaji angetuza ili arudishiwe nusu?

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba maneno haya ni rahisi kwa mwenye kushiba. Kwa kijana wa Kampala au Bujumbura asiye na ajira, dola chache si tusi, na heshima hainunui unga. Nakubali. Tena hata mwimbaji wa taarabu hutuzwa ukumbini na pia hulipwa na aliyeandaa onyesho. Lakini mfano huo unaunga mkono hoja yangu, kwa kuwa fedha hizo mbili hupita njia mbili. Mwandaaji analipa kwa sababu ameuza tiketi, naye msikilizaji anatuza kwa sababu ameguswa. Mwandaaji akisema hatalipa kwa kuwa wasikilizaji watatuza, amedhulumu. Na msikilizaji akilazimishwa kutuza kwa kiwango, hiyo si tuzo tena, ni kodi.

Suala hili limerudi kwa sura mpya. Februari 2024 vyombo vya habari viliripoti kwamba Google ingeilipa Reddit takriban dola milioni 60 kwa mwaka ili itumie maandishi ya wanachama wake kufunzia akili unde. Mwezi uliofuata Reddit iliingia katika soko la hisa, na baadhi ya wasimamizi wa kujitolea na wanachama wenye karma kubwa walipewa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya mwanzo. Waliruhusiwa kununua, hawakugawiwa. Mei mwaka huohuo Stack Overflow ilitangaza ushirikiano na OpenAI. Baadhi ya waliojibu maswali kwa miaka walijaribu kufuta majibu yao kwa hasira, na akaunti zao zikafungiwa kwa muda. Watu hawa waliandika wakijua wanatoa zawadi kwa wenzao. Hawakujua kwamba kuna siku mwenye jengo atauza mazungumzo kwa jumla. Kwa hiyo swali la AOL halijafa, isipokuwa sasa halihusu zamu pekee, linahusu hata neno moja lililotupwa kwa mzaha.

Kwa kuhitimisha, historia hii haituambii kwamba kila oni lilipwe, wala haituambii kwamba heshima inatosha daima. Inatufundisha kuuliza mambo mawili kabla ya kuweka tuzo. Kwanza, je, yupo anayeamuru na anayepata faida? Kama yupo, wanaofanya kazi chini yake wana haki ya ujira, na waliozungumza wana haki ya kuulizwa kabla maneno yao hayajauzwa, na kupata fungu yakiuzwa. Pili, je, tuzo inatolewa na aliyesoma au na mashine ya kuhesabu? Kama ni mashine, watu wataandikia mashine.

Maswali haya ni yetu pia. Vikundi vya Kiswahili vya mtandaoni vinaongezeka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na wanaojifunza humo mara nyingi hufundishwa na watu wasio na cheo, kwa jibu la mstari mmoja. Siku mfadhili atakapokuja na zawadi zake, tumwombe kwanza alipe ujira kwa wanaosimamia vikundi hivyo kila siku. Tuzo tutapeana wenyewe.