Watawa Walioshika Ufagio: Advaita na Historia ya Utumishi Nchini India

Advaita ni mkondo wa falsafa ya Kihindu unaofundisha kwamba uhalisi ni mmoja. Jina lenyewe, kwa Kisanskriti, maana yake ni "pasipo uwili". Kilichomo ndani kabisa ya mtu huitwa atma, na kinachoushikilia ulimwengu wote huitwa Brahman. Wafuasi wa Advaita husema kwamba hivyo si vitu viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, bali ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mtu hujiona amekatwa na kutengwa na wengine kwa sababu ya kutojua, na katika kutojua huko huota ahankara, yaani umimi: ile sauti ya ndani inayosema "mimi ndimi ninayetenda, changu hiki, yule si mimi". Ukombozi, ambao Wahindu huuita moksha, ni kufunguliwa kutoka katika kifungo hicho.

Fundisho hilo lilizaa swali gumu. Ikiwa hakuna wawili, nani amtumikie nani? Na mtawa aliyeacha nyumba, mali na jina lake ili autafute ukweli, njaa ya jirani inamhusu vipi? Jibu lilichukua zaidi ya miaka elfu moja kuiva, na lilipopatikana liliwapeleka watawa kwenye vichochoro vyenye tauni na vitanda vya wagonjwa wasio na ndugu.

Chumvi ndani ya maji

Chimbuko la Advaita ni Upanishadi, mafundisho ya kale ambayo yalipokezwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Mojawapo, Chandogya, inasimulia habari za kijana Shvetaketu, aliyerudi nyumbani baada ya miaka 12 ya masomo akiwa amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka, hakumkemea. Alimwambia atie chumvi katika chombo cha maji na arudi asubuhi. Kulipokucha, baba aliitaka ile chumvi, na kijana akaitafuta asiione. Akaambiwa aonje maji ya juu, kisha ya katikati, kisha ya chini. Kote kulikuwa na chumvi. Ndivyo kiini cha vitu vyote kilivyo, baba alimfundisha: hakionekani, nacho kimeenea kila mahali, na wewe mwenyewe ndicho.

Tangu kisa hicho, kujua ukweli na kuvunjika kwa majivuno vilikwenda pamoja. Shvetaketu alikuwa na elimu tele kichwani, lakini elimu hiyo ilikuwa imeunenepesha umimi wake.

Shankara na mipaka ya kazi

Aliyeyapanga mafundisho hayo yakawa falsafa kamili ni Shankara, mzaliwa wa Kaladi katika eneo la Kerala, kusini mwa India. Wanahistoria wengi humweka katika karne ya 8, na mapokeo husema alifariki akiwa na miaka 32 tu. Aliandika vitabu vya ufafanuzi juu ya Upanishadi, Brahma Sutra na Bhagavad Gita, na mifano aliyoitumia bado hutajwa kila Advaita inapofundishwa. Mtu anayepita gizani huona kamba akadhani ni nyoka. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka. Kumpiga nyoka yule hakusaidii, na kumwombea dua aondoke hakusaidii pia. Kinachohitajika ni taa.

Kwa hoja hiyo, Shankara alisisitiza kwamba ukombozi huletwa na ujuzi, si matendo. Tendo huzaa matunda, na kila tunda lina mwisho wake, hali ukombozi ni kuitambua hali iliyokuwapo tangu mwanzo. Hata hivyo, tendo aliloliwekea mpaka lilikuwa hasa ibada za sadaka za moto, ambazo watu walizifanya kwa kutarajia mvua, watoto wa kiume au pepo. Kuhusu kazi ifanywayo bila kutamani malipo, kama Gita inavyofundisha, Shankara alikubali kwamba huusafisha moyo na kuuandaa kupokea ujuzi.

Mapokeo yanamhusisha na makao makuu manne ya watawa: Sringeri kusini, Dwarka magharibi, Puri mashariki na Jyotirmath kaskazini, kwenye milima ya Himalaya. Yanamhusisha pia na utaratibu wa Dashanami, ambao watawa wake hubeba moja kati ya majina kumi, kama Giri, Puri, Bharati au Saraswati. Anayeingia utawa huo, aitwaye sanyasi, hujifanyia mwenyewe ibada za maziko. Tangu siku hiyo, jamaa, tabaka na mali ni mambo ya marehemu. Huvaa nguo ya rangi ya udongo mwekundu na kuishi kwa chakula anachopewa.

Kwa karne nyingi, basi, mwenendo wa huduma ulielekea upande mmoja. Mwenye nyumba alimlisha mtawa, na mtawa alimpa baraka na mafundisho. Tabaka lilikuwa limekufa katika ibada ya kujizika, lakini watawa wengi waliendelea kujitenga na watu waliohesabiwa kuwa najisi. Kisa mashuhuri cha mapokeo kinalieleza tatizo hilo waziwazi. Shankara alikuwa akienda kuoga katika mto Ganga huko Varanasi, akakutana na mtu wa tabaka la chini kabisa, akamwamuru apishe njia. Yule mtu akamuuliza ni nini hasa apishe: mwili, ambao kwa wote wawili umejengwa kwa chakula kilekile, au atma, ambayo haina pa kuhamia? Shankara, yasema mapokeo, alimwinamia na kumkubali kuwa mwalimu. Swali hilo lilisubiri muda mrefu kupata jibu la vitendo.

Dakshineswar, 1884

Jibu lilianza kujengeka Bengal, katika hekalu la Kali, mungu wa kike, lililofunguliwa mwaka 1855 huko Dakshineswar, kando ya mto, karibu na Kolkata. Kuhani wake, Ramakrishna (1836–1886), alikuwa mtu wa kijijini asiye na masomo ya shule ya kutajika. Mwalimu wake wa Advaita alikuwa Totapuri, mtawa mzururaji wa utaratibu wa Dashanami, aliyefika hapo katikati ya miaka ya 1860 na kumpa utawa.

Ramakrishna aliuchunguza umimi kwa makini kuliko walimu wengi. Aliona kwamba hauondoki kwa amri, kwa hiyo alitofautisha umimi mbichi na umimi mbivu. Ule mbichi hujisifia ukoo, fedha na elimu. Ule mbivu hujiona mtumishi, na kwa kuwa unalo la kufanya, hauna haja ya kujikweza. Mwaka 1868, akiwa safarini kwenda kuhiji, alipita Deoghar na kuwakuta watu waliokondeana kwa njaa. Aliketi nao chini na kukataa kuendelea na safari hadi tajiri aliyefuatana naye alipowapa chakula, nguo na mafuta. Mwanafunzi wake Vivekananda alisimulia baadaye kwamba usiku mwalimu wake alikwenda kwa siri kwenye nyumba ya mtu wa tabaka la wafagizi na kupasafisha kwa nywele zake mwenyewe, ili ang'oe mzizi wa kujiona bora.

Mwaka 1884, akieleza mafundisho juu ya kuwahurumia viumbe, alikwama kwenye neno huruma. Binadamu ni nani hata amhurumie mwenzake? Linalomfaa, alisema, ni kumtumikia kila kiumbe kwa kutambua kwamba ni Shiva, yaani Mungu mwenyewe. Mabadiliko hayo ya neno moja yana uzito mkubwa. Anayehurumia husimama juu na kutazama chini, na ukarimu wake unaweza kuulisha umimi uleule anaotaka kuuvunja. Anayeabudu hana nafasi ya kutazama chini. Miongoni mwa waliosikia alikuwamo kijana Narendranath Datta, mzaliwa wa Kolkata wa mwaka 1863, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Vivekananda.

Kutoka pangoni kwenda vichochoroni

Baada ya kifo cha Ramakrishna, Vivekananda alizunguka India kwa miaka kadhaa, akilala mara katika majumba ya wafalme, mara katika vibanda vya maskini. Mwaka 1893 alihutubia Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, na mwaka 1896, mjini London, alitoa mfululizo wa mihadhara juu ya Vedanta, yaani mafundisho ya Upanishadi, katika vitendo. Tarehe 1 Mei 1897, baada ya kurudi Kolkata, aliitisha mkutano katika nyumba ya mfuasi mmoja mtaa wa Baghbazar na kuanzisha Ramakrishna Mission. Shabaha alizouwekea utawa huo zilikuwa mbili kwa pamoja: ukombozi wa mtawa mwenyewe na manufaa ya ulimwengu.

Si watawa wenzake wote waliokubali. Yogananda, mmoja wa watawa waliolelewa na Ramakrishna mwenyewe, alimuuliza waziwazi kama mpango huo haukuwa desturi ya Wazungu, kwa kuwa mwalimu wao alisisitiza kumtafuta Mungu kwanza. Mjadala huo ulikuwa wa kweli, na kilichoumaliza hasa ni kazi yenyewe.

Kazi ilianza kwa mtungi uliovunjika. Katika mwaka huohuo wa 1897, Akhandananda, mtawa mwingine wa kundi hilo, alikuwa akitembea kwa miguu katika wilaya ya Murshidabad, iliyokumbwa na njaa. Njiani alimkuta binti wa Kiislamu akilia. Mtungi wa nyumbani ulikuwa umemponyoka na kupasuka, naye aliogopa kipigo cha mama yake. Akhandananda alimnunulia mtungi mpya na chakula kidogo, na mara watoto wengine wenye njaa wakamzunguka. Vitabu vya Advaita hupenda mfano wa mtungi: uwazi uliomo ndani yake ni uleule ulioko nje, na chombo kikivunjika uwazi haupungukiwi kitu. Akhandananda aliujua mfano huo vyema. Lakini mbele yake alisimama mtoto ambaye kwake vigae vile vilikuwa msiba, na kama uwazi ni mmoja, basi kilio kile hakikuwa cha mtu mwingine. Hakuendelea na safari. Alibaki wilayani humo akigawa chakula, baadaye akaanzisha makao ya yatima, na alifariki mwaka 1937 akiwa mkuu wa tatu wa utawa wote.

Tauni ilipoingia Kolkata mwaka 1898, Vivekananda alikuwa tayari kuuza kiwanja kilichokuwa kimetoka kununuliwa huko Belur kwa ajili ya makao yao, kama fedha za kuwahudumia wagonjwa zingekosekana. Mwaka uliofuata, kazi ya kusafisha mitaa iliongozwa na Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mfuasi wake, pamoja na mtawa Sadananda. Wasafishaji walipopungua, Nivedita alishika ufagio na kuingia kichochoroni mwenyewe, na vijana wa mtaa, walioiona kazi hiyo kuwa ya watu duni, waliona haya wakaja kumpokea.

Mtihani mkali zaidi ulikuwa katika miji mitakatifu, walikojaa watawa wa mapokeo ya kale. Mwaka 1900, vijana wachache wa Varanasi walianza kuwaokota wagonjwa na wazee walioachwa barabarani, na kazi yao ikakua kuwa hospitali. Mwaka 1901, Kalyanananda alianza huduma kama hiyo Kankhal, karibu na Haridwar, akisaidiwa baadaye na Nischayananda, ambaye alitembea zaidi ya kilomita 20 hadi Rishikesh akiwapelekea dawa watawa waliougulia vibandani. Wote wawili waliwaosha wagonjwa na kuondoa uchafu wao kwa mikono. Watawa wengine waliwaita wafagizi na kuwatenga katika karamu. Ubaguzi huo ulilegea pale Dhanraj Giri, mkuu wa Kailash Ashram ya Rishikesh na mwanachuoni wa Advaita aliyeheshimiwa na wote, alipowaheshimu hadharani na kutaka waketi naye.

Mwaka 1912, Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, alizuru hospitali ya Varanasi. Alisema kwamba Ramakrishna yupo mahali pale, akatoa noti ya rupia kumi. Noti hiyo imehifadhiwa hadi leo. Mahendranath Gupta, aliyenukuu mazungumzo ya Ramakrishna na ambaye alikuwa na shaka juu ya hospitali hizo, alikubali aliposikia kauli ya mama huyo.

Mjadala wa wasomi

Katika karne ya 20, mwanazuoni wa Ujerumani Paul Hacker alidai kwamba kuufanya umoja wa Advaita kuwa msingi wa maadili kulitoka kwa mwanafalsafa Schopenhauer, kupitia Paul Deussen, ambaye Vivekananda alikutana naye mjini Kiel mwaka 1896. Wapinzani wa hoja hiyo huonyesha kwamba fundisho la Dakshineswar lilitolewa miaka 12 kabla. Namna ya kupanga kazi, yenye kamati, hesabu na zahanati, inafanana na ya mashirika mengine ya zama zile, yakiwamo ya wamisionari. Lakini swali lililojibiwa lilikuwa la zamani, lilelile la barabarani Varanasi.

Njia nyingine zilikuwapo pia. Ramana Maharshi (1879–1950) wa Tiruvannamalai aliwafundisha waliotaka kuitengeneza dunia wamchunguze kwanza huyo "mimi" anayetaka kutengeneza, na yeye mwenyewe aliamka kabla ya alfajiri kukata mboga jikoni. Sivananda (1887–1963), aliyewahi kuwa daktari Malaya, alianzisha Divine Life Society huko Rishikesh mwaka 1936 na kuiweka huduma kuwa hatua ya kwanza ya kila mwanafunzi.

Ramakrishna Mission bado ina makao yake makuu Belur, na mwaka 1954 utawa wa wanawake, Sarada Math, ulianzishwa huko Dakshineswar. Anayetaka kuingia hupitia miaka ya majaribio, kisha huketi mbele ya moto na kujifanyia ibada za maziko, kama watawa wa ukoo wa Totapuri walivyofanya kabla yake. Moto ukizimika, anakuwa mtu asiye na tabaka wala jamaa. Kisha hupangiwa kituo: shule, wodi ya hospitali, au kambi ya waliokumbwa na mafuriko.