Pointi Sita za Taka: Historia Fupi ya MYSA ya Mathare

Bonde la Mathare lilianza kama machimbo ya mawe, kando ya mto wenye jina hilohilo, si mbali na katikati ya Nairobi. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilibomoa vibanda vilivyokuwapo kwa kuwashuku wakazi kuwa waliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru watu walirudi, wakazidi kuongezeka, na kufikia miaka ya 1980 bonde lilikuwa limefunikwa mabati. Familia nzima ililala chumba kimoja. Magari ya baraza la jiji ya kuzoa taka hayakuingia humo. Taka zilitupwa mitaroni, mitaro ikaziba, na mvua iliponyesha maji machafu yakajaa milangoni mwa watu. Watoto waliugua kuhara, na wengine walikufa kwa maradhi ambayo mtaro safi ungeyazuia.

Humo ndimo ilimozaliwa, mwaka 1987, Mathare Youth Sports Association, ambayo Nairobi nzima inaiita MYSA.

Aliyeianzisha, Bob Munro, ni raia wa Canada aliyekuja Kenya kwa kazi za mazingira na maendeleo. Alipofika Mathare aliwakuta watoto wakicheza kandanda pekupeku, kwa mpira wa majuala yaliyoviringwa na kukazwa kwa kamba. Utotoni mwake alikuwa amecheza michezo iliyoandaliwa na watu wazima waliojitolea bila malipo, na alijiuliza kwa nini hawa wasipate vivyo hivyo. Waliotaka ligi yenye mipira ya kweli na marefa walijitokeza upesi. Lakini aliweka sharti, na sharti hilo ndilo historia yote ya chama: mkifanya jambo, nasi tutafanya jambo, msipofanya, nasi hatutafanya.

Jambo lenyewe lilikuwa takataka. Kila timu iliyoandikishwa katika ligi ilipangiwa siku ya kusafisha mtaa wake. Vijana walitoka na reki, sepetu na wilbaro, wakazibua mitaro na kukusanya taka. Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi tatu. Timu iliyomaliza zamu yake ya usafi ilipata pointi sita. Timu ambayo haikutokea haikupata kitu, na jambo hilo lilionekana kwenye msimamo wa ligi, mbele ya macho ya wapinzani. Hivyo straika hodari aliyeukimbia mtaro aliwagharimu wenzake ubingwa, na wenzake hawakunyamaza. Hakukuwa na haja ya mtu mzima kuwakemea.

Napenda kukaa kidogo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu walioandika kuhusu mfumo wa MYSA mara nyingi wanaipita mbio ili wafike kwenye vikombe. Mtoto wa mtaa wa mabanda amezoea kuhesabiwa kama tatizo. Anaitwa chokora, anafukuzwa na askari wa jiji, na wenye huruma nao humletea nguo kuukuu na mkate. Pointi sita zilimpa nafasi nyingine kabisa: zilimfanya mtu ambaye mtaa unamhitaji. Mama aliyekuwa akiruka dimbwi la kinyesi kila asubuhi alimwona kijana wa jirani akilikausha, na akajua jina la timu yake. Mwaka 1992, mwaka wa Mkutano wa Dunia wa Mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunukia MYSA tuzo yake ya Global 500. Waliostahili tuzo ile walikuwa vijana wenye matope hadi magotini.

Sharti la pili halikutangazwa kwa sauti kubwa, lakini lina uzito uleule. Chama kiliendeshwa na vijana wenyewe. Eneo la MYSA liligawanywa katika kanda, kila kanda ikachagua viongozi wake, na hao wakawachagua wa ngazi ya juu, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka 20. Walipanga ratiba, walifundisha timu za wadogo, walichezesha mechi, walisuluhisha rufaa. Uwanjani, ni nahodha peke yake aliyeruhusiwa kuzungumza na refa. Mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu alilazimika kuchezesha mechi za watoto kabla hajarudi kucheza, ili aonje mwenyewe uchungu wa kubishiwa. Tena kulikuwa na kadi ya kijani, ambayo refa alimpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine, nayo ilihesabiwa katika alama za uongozi.

Alama hizo ziligusa kilio kikubwa zaidi cha familia za Mathare, yaani karo. Aliyejitolea kufundisha, kusafisha, kuchezesha mechi au kuelimisha wenzake alikusanya alama, aliyezembea alizipoteza. Mwisho wa mwaka, waliokusanya nyingi walipata tuzo ya uongozi, na fedha zake zililipwa moja kwa moja shuleni. Mama hakuambiwa mwanawe amesaidiwa kwa kuwa ni maskini. Aliambiwa amefanya kazi na hii ndiyo karo yake. Wanaolijua bonde lile wanajua jinsi maneno hayo yalivyotofautiana na yale waliyozoea kuyasikia.

Chama kilipogundua kwamba mwenye karo bado hana mahali pa kusomea, kilifungua maktaba na vyumba vya kusomea. Katika chumba kimoja chenye watu saba, taa ya koroboi na redio ya jirani, hakuna anayemaliza hesabu za kidato cha tatu. Mwanafunzi alihitaji meza, mwanga na saa mbili za utulivu.

Wasichana walichelewa kuingizwa. Miaka mitano ya mwanzo MYSA ilikuwa ya wavulana, na timu za wasichana zilianza mwaka 1992. Nasema walichelewa kwa sababu mzigo wa umaskini katika nyumba za Mathare huwaangukia wao kwanza: kuteka maji, kupika, kufua, kubeba mdogo mgongoni mama akiwa kibaruani. Wazazi wengi walikataa. Waliuliza mpira utampa nini binti, nani atabaki na mtoto, na kwa nini kocha ni mwanamume. Maswali hayo hayakuwa ya upuuzi, na chama hakikuyapuuza. Viongozi walikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na kina mama. Mechi zilipangwa kwa kufuata saa za kazi za nyumbani na kumalizika kabla ya giza, maana njia za Mathare usiku si salama kwa msichana. Wasichana wengine walikuja uwanjani na wadogo zao, nao wakawekwa kando ya mstari mechi ikiendelea.

Mwaka 2002 watafiti wa shirika la Population Council walichapisha ripoti juu ya wasichana hao. Waliyoyaona yalikuwa makubwa kuliko mabao: wasichana walipata marafiki nje ya nyumba, walipata ujasiri wa kuzungumza mbele ya watu, na wavulana waliowaona wakicheza walianza kubadili mawazo kuhusu kile ambacho msichana anaweza. Yeyote aliyewahi kumwona binti wa miaka 13 akisimama mbele ya timu yake kutangaza kikosi anaelewa kwa nini watafiti walilitaja jambo hilo.

Kuanzia mwaka 1994 chama kiliingia katika vita vya UKIMWI, wakati ambapo Wakenya wengi bado waliutaja ugonjwa huo kwa mafumbo na makanisa mengi yalikwepa kuzungumzia kondomu. Njia yake ilikuwa ya vijana kwa vijana. Wachezaji walifunzwa ukweli wa maambukizi, kisha wakaenda kuwaeleza wenzao kabla ya mazoezi na baada ya mechi, kwa lugha ya mtaa, bila haya. Mchezaji anayeshangiliwa Jumamosi husikilizwa Jumatatu kuliko bango lolote la hospitali.

Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja kazi ambayo mimi naiona ndiyo ya heshima kuliko zote. Watoto wa mitaani walikuwa wakikamatwa kwa kosa la kuzurura na kufungiwa rumande, katika vyumba vichafu, bila chakula cha kutosha, wengine bila mzazi kujua waliko. Vijana wa MYSA walianza kwenda huko. Walipeleka chakula, walisafisha, walicheza nao, na waliwatafuta jamaa zao ili watoto warudishwe nyumbani. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1997, mpiga picha Lana Wong na mwenzake wa MYSA waliwapa wavulana na wasichana wa chama kamera rahisi za plastiki. Kazi hiyo iliitwa Shootback, na picha zao zilitoka kama kitabu mwaka 1999. Mathare ilikuwa imepigwa picha mara nyingi na wageni wa nusu saa. Sasa ilipigwa na waliolala humo, na ndani ya picha hizo mna harusi, mna michezo, mna mama anayesuka nywele, pamoja na mtaro.

Kikombe nacho kilikuja. Tangu 1990 timu za MYSA zilisafiri hadi Oslo kushiriki Norway Cup, mashindano makubwa ya vijana, na zikarudi na mataji. Urafiki na Wanorwei ulidumu, ukaleta fedha na wafanyakazi wa kujitolea. Mwaka 1994 chama kilianzisha klabu ya wakubwa, Mathare United, ili waliovuka umri wa ligi za watoto wasipotee. Mwaka 1998, ikiwa bado daraja la pili, ilitwaa Kombe la Dhahabu la Moi, na mwaka 2000 ikalitwaa tena. Wachezaji wake walitakiwa kutumia saa nyingi kila mwezi katika kazi za jamii, kufundisha watoto walikotoka wao. Francis Kimanzi, aliyelelewa na chama hiki, alifika hadi kuifundisha timu ya taifa, Harambee Stars. Dennis Oliech, aliyepitia Mathare United, ndiye aliyeifungia Kenya bao dhidi ya Cape Verde mwaka 2003 na kuirejesha nchi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 12. Kule Tunisia, mapema mwaka 2004, Kenya iliifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Katika mwaka huo na uliotangulia, MYSA ilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini ubingwa ninaoukumbuka kwa fahari kubwa ni wa 2008. Mwaka ulianza kwa damu. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliikumba Mathare vibaya. Majirani walifukuzana kwa misingi ya kabila, nyumba zikachomwa, na mipaka ikachorwa katikati ya vichochoro. Timu za MYSA zilikuwa zimeundwa kwa mtaa tangu mwanzo, na ndani ya mtaa mmoja walikaa Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na Wasomali. Mwaka huohuo Mathare United, iliyochota wachezaji kutoka makabila hayo yote, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya kwa mara ya kwanza. Siwezi kudai kwamba kombe lilizika chuki. Wapo waliohama na hawakurudi. Hata hivyo, bonde lile lililotajwa kila jioni kwenye habari kwa mapanga lilitajwa kabla ya mwaka kwisha kwa jambo ambalo kila kijiji chake kilikuwa na mtu wake ndani.

Mfano wa chama ulisafiri. Mwaka 1999 wakufunzi wake walikwenda kambi ya Kakuma, Turkana, kuandaa michezo ya vijana wakimbizi kwa ushirikiano na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Upande wa Tanzania, vijana wa MYSA wamekuwa wakikutana na wenzao wa Afrika Mashariki mjini Moshi katika Kombe la Afrika Mashariki, ambako semina za afya na uongozi huenda pamoja na mechi. Nyumbani, idadi ya wanachama ilipita vijana 20,000.

Mambo hayakuwa laini siku zote. Chama kilichosimama kwa fedha za wafadhili wa nje hutikisika wafadhili wanapobadili vipaumbele, na Mathare United yenyewe imewahi kushuka daraja baada ya misimu ya ukata. Vijana waliokuwa viongozi wakiwa na miaka 16 hufika 25 bila ajira, na alama za uongozi haziwezi kufanya kazi ya uchumi mzima. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu jijini, na serikali ikabomoa nyumba zilizojengwa kingoni mwa Mto Mathare. Maelfu ya wakazi waliachwa bila makao, na watoto wao wakaachwa bila mtaa wa kuchezea.

Tena kuna suala la ardhi. Ligi ya watoto haihitaji nyasi, lakini inahitaji mahali. Uwanja wa Austin na viwanja vichache vya shule katika Mathare na Eastlands hutumiwa na timu nyingi kwa zamu, kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, ilhali viwanja vingine vya umma vya upande huo wa jiji vimemezwa na maduka na maghorofa. Kaunti ya Nairobi imesifu MYSA mara nyingi kwenye hafla. Sifa hiyo ingefaa kuandikwa kwenye hati miliki: kila uwanja uliobaki usajiliwe kwa jina la umma, uwekewe mipaka na ulindwe, kabla ratiba ya msimu ujao haijakosa pa kuchezewa.