Nyumba Ilipotambuliwa Kuwa Mahali pa Kazi

Barabara ya Musoma inapita Kisesa, mji wa Wilaya ya Magu unaopakana na Jiji la Mwanza. Ndiyo njia ya wasichana wa vijijini wanaokwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Wengi hupelekwa na shangazi, jirani au mtu anayefahamika nyumbani. Mshahara hupangwa kwa mdomo, mara nyingine baina ya mwajiri na mzazi, binti mwenyewe akiwa pembeni anasikiliza.

Kipigo, matusi au kubakwa mlango ukishafungwa, kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa mambo ya ndani ya familia za watu.

Si kwamba wafanyakazi wa majumbani hawakujua kujipanga. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, na Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na hotelini waligoma. Ila wengi wao walikuwa wanaume. Mwaka 1964 vyama huru vilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, na kadiri kazi hizo zilivyohamia mikononi mwa wasichana, sauti yao ilizidi kufifia.

CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, kilizaliwa mwaka 1995. Kilifanya jambo la busara: pamoja na kushughulika na waajiri wa mjini, kilikwenda pia vijijini wanakotoka watoto wa kazi, mikoa kama Iringa, Dodoma na Singida, kuzungumza na wazazi na viongozi wa vijiji. Mmoja wa viongozi wake, Vicky Kanyoka, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba hoja ya haki za wafanyakazi wa majumbani hadi Geneva. Huko, tarehe 16 Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189, ambao kifungu chake cha 5 kinadai mfanyakazi wa nyumbani alindwe dhidi ya unyanyasaji na ukatili wa kila aina.

Miaka minane baadaye, tarehe 21 Juni 2019, ukafuata Mkataba Na. 190 wa kupinga ukatili na unyanyasaji kazini, kwa kura 439 dhidi ya 7. Huo unataja waziwazi maeneo binafsi yanayotumika kama mahali pa kazi, na hata makazi anayotoa mwajiri. Kwa binti anayelala kwenye godoro chumba kimoja na watoto wa bosi wake, maneno hayo machache ni makubwa kuliko hotuba zote za Mei Mosi. Uganda, ng'ambo ya ziwa, iliuridhia Agosti 2023.

Mwanza yenyewe haikukaa kusubiri vyama. Shirika la Kivulini lilianza mwaka 1999 kupambana na ukatili majumbani. Baadaye Angel Benedicto, aliyewahi kufanya kazi za ndani, akaanzisha WoteSawa, shirika linalowapa hifadhi wasichana waliokimbia kwa waajiri.

Hifadhi hiyo inahitajika sana. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayelala kwake. Anayelala kwa mwajiri aliwekewa 40,000. Akimshtaki bosi, siku hiyohiyo anapoteza kazi, chakula na mahali pa kulala. Ndiyo maana madai ya mkataba wa kazi wa maandishi lazima yaende pamoja na nyumba salama, na vyama vya wafanyakazi vinapaswa kuigharamia.