Popo wa Pemba: Historia ya Mnyama wa Kisiwa na Walinzi Wake

Makala haya yanafuatilia historia ya popo mkubwa wa Pemba (Pteropus voeltzkowi), asiyepatikana kwingineko duniani. Jenasi yake imeenea visiwani, kuanzia Komoro na Madagaska hadi Pasifiki, lakini haina makazi Afrika bara. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita; hivyo, tofauti na Unguja iliyoungana na bara katika enzi ya barafu, Pemba ilibaki kisiwa. Utengano huo ulichangia kumfanya popo huyu kuwa spishi ya pekee, na kwa sababu hiyo hiyo, akitoweka Pemba ametoweka kabisa.

Mwaka 1909 mwanazuolojia Mjerumani Paul Matschie alimpa jina la kisayansi. Jina halikuwa ulinzi. Tangu karne ya 19 mashamba ya mikarafuu yalikuwa yamekwisha kumeza sehemu kubwa ya msitu wa asili, na popo mwenyewe aliwindwa kwa ajili ya kitoweo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alionekana kwa nadra. Mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka.

Katikati ya muongo huo watafiti walihesabu popo wapatao 5,000, wengi wao wakiwa katika maskani machache. Takwimu hiyo ilikuwa na maana mbili. Wawindaji wangeweza kuwaangamiza kwa muda mfupi; lakini pia vijiji vichache vingetosha kuwalinda. Msitu wa Ngezi ulikuwa tayari umehifadhiwa kisheria, ila maskani mengi yalikuwa nje ya mipaka yake, kwenye miti ya vijijini, mingine makaburini. Kwa hiyo ulinzi ulikabidhiwa wanakijiji kupitia vikundi vya uhifadhi, kama kile cha Kidike, pamoja na elimu shuleni na kiingilio cha wageni. Muongo mmoja baadaye hesabu ilizidi 18,000.

Tunahitimisha kwamba popo huyu aliokolewa pale utafiti ulipowafikia wenye miti. Watunga sera wasiifanye idadi hiyo sababu ya kuwasahau walinzi: wakikosa manufaa, mti unaweza kukatwa kwa siku moja, na jike la popo huyu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mzao.