Redio ya Transista na Maneno ya Fundi

Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista, Regency TR-1, ikaanza kuuzwa huko. Redio za valvu zilikuwa zikila umeme mwingi. Hizi mpya zilitosheka na betri, hivyo zikafaa hata nyumba zisizo na umeme.

Kwetu Uganda, redio iliponyamaza, fundi aliifungua mezani nyumbani. Alikwangua kutu kwenye vyuma vinavyogusa betri, akaunga kwa lehemu waya uliokatika, kisha akajaribu spika. Kukwangua, kuunga na kulehemu ni Kiswahili cha kazi, nacho hatukifundishi vya kutosha. Tunawaomba wanafunzi wayakusanye maneno hayo kwa mafundi wazee mapema, kabla hayajapotea.