Keki ya machungwa isiyo na yai wala maziwa: Namna ya kuioka nyumbani

Keki inapotajwa, wengi huwazia mara moja mayai, siagi na maziwa. Hata hivyo, wako watu ambao vitu hivyo, au kimojawapo, hawavili kabisa. Miongoni mwao ni mtoto mwenye mzio wa mayai, Mjaini anayeifuata imani yake, muumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia aliye katika mfungo, na mtu aliyeamua kutokula chochote kitokanacho na wanyama. Katika sherehe nyingi, watu wa aina hii huambulia soda na matunda huku wenzao wakikatiwa keki.

Kundi hilo la mwisho, yaani wale wasiokula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, lilipata jina la "vegan" nchini Uingereza mnamo 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Lakini upishi wenyewe si mgeni kwetu. Mkate wa kumimina, unaopikwa pwani kwa mchele, tui la nazi, sukari, hamira na iliki, huumuka vizuri bila siagi wala maziwa ya ng'ombe, na wapishi wengi hawautii yai. Keki ya machungwa inafuata mkondo uo huo.

Kazi ya yai na kinachochukua nafasi yake

Yai katika keki lina kazi tatu kuu. Hushikanisha unga, huhifadhi hewa inayoifanya keki iumuke, na husaidia mafuta na maji kuchanganyika. Atakayeliondoa yai hana budi kutafuta kitu kingine cha kuzitenda kazi hizo.

Ushikanishaji hufanywa na utomvu wa unga wa ngano, ambao hujitokeza unga unapokutana na maji. Kuumuka hutokana na soda ya kuokea. Soda hii ikikutana na uchachu wa limau au chungwa, hutoa gesi ya kaboni dioksidi, nayo gesi hiyo huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya keki. Hii ndiyo sababu matunda ya jamii ya michungwa yanafaa mno kwa keki isiyo na yai: yanatia ladha na wakati huo huo yanaiinua keki.

Soda ya kuokea isichanganywe na magadi ya mawe yanayotoka katika Ziwa Magadi na ambayo hutumika kulainishia maharagwe au mboga. Magadi hayo ni makali zaidi na yataipa keki ladha ya sabuni.

Mahitaji

Kwa keki ya chombo chenye upana wa sentimita 20, tayarisha vifuatavyo:

- Unga wa ngano gramu 250 (takriban vikombe viwili)
- Sukari gramu 180
- Beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu
- Soda ya kuokea nusu kijiko cha chai
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Maji ya machungwa mililita 200 (machungwa matatu hivi)
- Maji ya limau vijiko vikubwa viwili
- Maji ya kawaida au tui jepesi la nazi mililita 40
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu mililita 90
- Maganda ya machungwa mawili na limau moja, yaliyoparuzwa

Namna ya kutayarisha

Kwanza, washa oveni ifikie nyuzi 180 za Selsiasi. Paka chombo cha kuokea mafuta na kukinyunyizia unga kidogo.

Pili, osha matunda kwa maji ya vuguvugu huku ukiyasugua, kisha uyaparuze kwa greta kabla ya kuyakamua. Paruza sehemu ya juu pekee, ile yenye rangi. Humo ndimo mlimo na mafuta yenye harufu nzuri. Ukifikia utando mweupe, acha, kwani huo ni mchungu na uchungu wake hauondolewi na sukari.

Tatu, chekecha unga, beking pauda, soda na chumvi katika bakuli moja. Katika bakuli la pili, tia sukari na maganda yaliyoparuzwa, uyasugue pamoja kwa vidole mpaka sukari inukie. Ongeza mafuta, maji ya machungwa, maji ya limau na lile tui, kisha ukoroge mpaka sukari ianze kuyeyuka.

Nne, mimina mchanganyiko wa maji katika unga na ukoroge kwa mwiko, polepole, mpaka unga mkavu usionekane tena. Hapo koma. Vidonge vidogo vidogo vikibaki, si hoja. Ukizidi kukoroga, utomvu wa ngano utakaza na keki itakuwa ngumu kama mkate uliolala.

Tano, mimina katika chombo na uingize ovenini papo hapo. Methali ya haraka haraka haina baraka haifai hapa, kwa sababu gesi huanza kutoka pale tu soda inapokutana na limau. Mchanganyiko ukikaa mezani, gesi hupotea na keki hubaki bapa. Oka kwa dakika 35 hadi 45. Dunga kijiti katikati; kikitoka kikavu, keki imeiva. Iache ipoe kwa dakika 10 ndani ya chombo kabla ya kuipindua.

Anayetaka kuipamba achanganye gramu 100 za sukari ya unga na kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, na kuimwagia keki ikiwa imepoa kabisa.

Tofauti ya bara na pwani

Mapishi mengi yaliyomo vitabuni hukadiriwa kwa nyanda za chini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nayo Eldoret iko juu zaidi ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, gesi hutanuka kwa kasi, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Jijini Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94. Ndiyo maana keki hupanda upesi, kisha ikabonyea katikati. Mpishi wa bara apunguze beking pauda na soda kwa robo, na aongeze vijiko viwili vya maji. Wa Mombasa au Malindi afuate vipimo jinsi vilivyo.

Pasipo oveni

Wasio na oveni wanaweza kutumia sufuria mbili. Tandaza mchanga safi na mkavu ndani ya sufuria kubwa, uifunike na kuipasha moto kwa dakika 15. Weka chombo chenye keki juu ya mchanga, funika, kisha upalie makaa machache juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo. Kazi hii ifanyiwe nje au mahali penye upepo wa kutosha, kwa kuwa makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua.

Tahadhari

Anayemwokea mtu mwenye mzio asome maandishi ya kila pakiti. Baadhi ya majarini huwa na maziwa, na neno "kaseini" lina maana hiyo hiyo. Vyombo na mwiko vioshwe vyema iwapo vilitumika kupigia mayai, kwani hata kiasi kidogo chaweza kumdhuru mtoto. Keki hii ina ngano, hivyo haimfai mwenye mzio wa ngano. Kadhalika, kukosa yai hakuifanyi kuwa chakula cha siha: sukari yake ni ile ile ya keki nyingine.

Ikifunikwa vizuri, keki hii hukaa siku mbili au tatu bila kukauka, kwa kuwa mafuta ya maji hayagandi kama siagi. Wengi huiona tamu zaidi siku ya pili, harufu ya maganda ikishaenea.