Ua la Kivulini: Kutoka Usambara hadi Dirishani Biryogo

Katika chumba cha mbele cha bibi yangu, Biryogo, kuna makopo matatu ya maziwa ya unga yaliyopangwa kwenye kizingiti cha dirisha. Kila kopo lina mmea mfupi usiozidi shubiri moja, wenye majani ya mviringo, manene, yenye manyoya laini kama mahameli. Juu ya majani hayo huchanua maua ya zambarau yenye kiini cha manjano. Bibi huliita ua la Wazungu, kwa sababu aliliona mara ya kwanza katika nyumba ya Wazungu alikokuwa akifua nguo, akaomba jani moja. Mwaka jana nilipotaka kumnunulia jingine kwa muuza miche wa kando ya barabara, muuzaji aliniambia kwa Kifaransa kuwa jina lake ni “violette du Cap”, yaani urujuani wa Rasi, ule mkoa wa Afrika Kusini.

Bibi amekosea, na muuzaji naye amekosea. Ua hili halikutoka Ulaya wala Afrika Kusini. Kwao ni Tanga, milima ya Usambara na misitu mingine ya Tanzania na Kenya, hasa ile iliyo karibu na pwani. Katika insha hii nitaeleza jinsi lilivyotoka huko, likazunguka dunia na kurudi Afrika Mashariki likiwa limevaa jina la mgeni. Nitaonyesha pia kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na watu. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja na mpenzi mkubwa wa elimu ya mimea, alipeleka sampuli ya mmea huu katika bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 sampuli nyingine ilikusanywa na kasisi W. E. Taylor, mmisionari aliyekuwa Mombasa. Sampuli hizo zilikuwa pungufu, na wataalamu hawakuweza kuueleza mmea kikamilifu wala kuupa jina. Zikabaki zimekaushwa kwenye karatasi.

Wanafunzi wa fasihi watakuwa wamekwisha kushtuka. Taylor huyu ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, na ndiye aliyeandika mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Bila kazi ya watu hao wawili, sehemu kubwa ya tungo za Muyaka tunazosoma darasani huenda ingepotea. Mkono uliobeba daftari la mashairi ndio uliochuma ua hili.

Baada yake alikuja Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga. Mwaka 1892 aliuona mmea huu katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa mwendo wa kama saa moja kutoka mji wa Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, karibu na usawa wa bahari. Wanaoijua Tanga watakumbuka Mapango ya Amboni, ambayo nayo yamo katika mawe ya namna hiyo. Sehemu ya pili ilikuwa ndani ya msitu wa Usambara, juu ya majabali yenye kivuli, kwenye mwinuko unaokaribia mita 800. Alimpelekea baba yake Ujerumani, na baba akampelekea Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza mmea huo kwa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana wa ukoo wa Saint Paul. La pili limetoka Kigiriki, na maana yake ni wenye maua kama ya urujuani. Mwaka huo huo ua lilionyeshwa katika maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na watu wakalipenda.

Hapa napo kuna jambo linalotuhusu. Saint Paul-Illaire alikuwa mtaalamu wa Kiswahili. Mwaka 1890, miaka miwili kabla ya kulituma ua, alichapisha kitabu cha kuwafundishia Wajerumani Kiswahili. Kwa hiyo watu wawili kati ya watatu wa mwanzo wanaotajwa katika historia ya ua hili walikuwa waandishi wa vitabu vya lugha yetu. Hiyo si bahati tu. Wakati ule, mgeni asiyejua Kiswahili asingeweza kupata wapagazi, kuuliza njia wala kuelewana na wenyeji wa misituni. Lugha ilikuwa ufunguo wa ghala, na vilivyochukuliwa ghalani vilikuwa vya kila aina: methali, mashairi, mashamba na maua.

Lakini tuangalie tofauti. Katika kazi ya mashairi, jina la Mwalimu Sikujua limebaki, na msomaji anajua kuwa Taylor alikuwa na mwalimu. Katika historia ya ua, kama inavyosimuliwa vitabuni, hakuna mwenyeji hata mmoja anayetajwa. Hakuna aliyeonyesha njia, aliyebeba miche wala aliyesema mmea ule huchanua lini. Msomaji hubaki akidhani kuwa ofisa alikuwa akitembea peke yake porini, ghafla akakutana na ua. Nadhani ukimya huo ndio unaomfanya bibi yangu aamini kuwa ua ni la Wazungu. Kitu kikisimuliwa bila watu wa kwao, hupoteza kwao.

Mwaka 1893 ulikuwa na mambo mengine Tanga. Ndio mwaka ulioanza ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kuelekea bara, na katika Usambara Mashariki mashamba ya kahawa ya Wajerumani yalikuwa yameanza kula msitu. Mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa Amani, katika milima hiyo hiyo. Hivyo mwaka mmea ulipopata jina, msitu uliouzaa ulikuwa tayari unakatwa.

Ulaya na Marekani, ua lilistawi. Mbegu ziliuzwa kutoka Ujerumani na Uingereza, na katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles waliotesha mbegu hizo, wakachagua miche kumi iliyo bora na kuipa majina ya biashara. Kutokana na hiyo zikazaliwa aina nyingi ajabu: nyeupe, za waridi, zenye kingo za mawimbi. Mwaka 1946 kiliundwa chama cha wapenzi wa ua hili Marekani, na kipo mpaka leo. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Na wako Wafaransa wanaolipeleka hadi Rasi, ambako halijawahi kuota lenyewe.

Sasa turudi dirishani kwa bibi. Yeye hajasoma kitabu chochote cha bustani, lakini ana masharti yake. La kwanza, ua lisipigwe na jua la mchana. Linataka mwanga, ila mwanga uliochujwa. Ndiyo maana makopo yake yako kwenye dirisha linaloelekea mashariki, ambalo hupata jua la asubuhi tu, tena kupitia pazia. La pili, lisimwagiwe maji juu. Bibi husema, “Mjukuu wangu, hili halikogi, hunywa kwa miguu.” Ametoboa makopo chini, huyaweka kwenye kisahani chenye maji kwa muda, kisha huyamwaga yaliyobaki. La tatu, maji yasiwe ya baridi, maana majani hufanya madoa. La nne, udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na majani yaliyooza, na kopo lisiwe kubwa. Akitaka mche mpya, hukata jani pamoja na kikonyo chake na kukichomeka kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka mizizi, na baada ya miezi miwili mitatu vichipukizi huonekana pembeni. Ukitunzwa hivyo, mmea huishi miaka mingi.

Niliposoma habari za Tanga nilitambua kuwa masharti ya bibi ni maelezo ya mahali ua lilikotoka. Halitaki jua kwa sababu kwao ni chini ya miti mikubwa. Halitaki maji kutuama kwa sababu kwao ni ufa wa jiwe, ambapo mvua hupita na kwenda zake. Linaridhika na kopo dogo kwa sababu limezoea udongo kiganja kimoja. Mmea umebeba kumbukumbu ya kwao hata pale ambapo watu wameisahau. Na Kigali, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, isiyo na joto kali wala baridi kali, inaufaa.

Huko kwao hali si nzuri. Aina za porini nyingi huota katika maeneo madogo sana. Iliyoko kwenye mawe ya chokaa ya Cha Simba, Kilifi, na iliyoko msitu wa Mbololo, Taita, zinaweza kutoweka kwa kukatwa miti michache tu, kwa sababu kivuli kikiondoka nazo huondoka. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya Usambara, lakini si kila jabali liko ndani ya hifadhi. Dunia ina mamilioni ya maua haya madirishani, ilhali wazazi wao wamebakiwa na nyufa. Hata jina linapungua: mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo Saintpaulia si jenasi tena.

Biryogo yenyewe ni mtaa uliopandikizwa. Kigali ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na pamoja na utawala wa Kijerumani walikuja askari, wachuuzi na makarani wenye kusema Kiswahili. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu na Waswahili walitengewa mitaa yao, na kwa miaka mingi lugha yetu ilihesabiwa kuwa ya mtaa tu. Mwaka 2017 ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Leo watalii huja kunywa chai katika mitaa iliyopakwa rangi, na wengi hawajui habari hizo.

Nahitimisha kwa kusema kuwa jina peke yake si historia. Hatuna haja ya kumfuta Saint Paul-Illaire wala Taylor, maana waliyoyaandika yanatusaidia. Tuna haja ya kuuliza swali ambalo vitabu vyao havikulijibu: nani alikuwa amesimama pembeni yao? Swali hilo tunaweza kuliuliza juu ya shairi, juu ya reli, na juu ya ua.

Nilimsimulia bibi yote haya. Wazee wake walikuja na misafara enzi za Mjerumani, nao walisema tu kuwa wametoka “pwani”. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Tanga si pwani hiyo?” Nikamjibu ndiyo. Akalisogeza kopo moja nyuma ya pazia, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kupanda.